Usimbishie Meneja

Kampuni ya simu yenyewe haikumjua hata kwa sura, lakini mtaa mzima ulimwita Meneja. Kazi yake ilikuwa kushona suruali. Cherehani yake ilikaa kibaraza kimoja na kiti cha kinyozi, na hapo ndipo alipoitetea ile kampuni ya simu asubuhi hadi jioni, pini mdomoni, utadhani mshahara wake unatoka huko. Simu zikipata moto, alisema ni jua. Walipoanza kuuza simu bila chaja, alisema ni kwa faida ya mteja. Kampuni ikishuka sokoni, alisema walioshuka ni wanunuzi, wameshuka akili.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mpinzani wake, tena mpinzani wa kweli, si wa kuigiza. Aliwahi kuzima mashine katikati ya kichwa cha mtu ili ajibu hoja ya vioo vinavyopasuka. Mteja akabaki amenyolewa nusu kichwa, naye akaingia kwenye ubishi, hana habari. Wengine walikuja nywele hazijaota hata kidogo, wakifuata maneno tu. Siku Meneja alipobaki nyumbani kwa mafua, kinyozi alinyoa watu kimyakimya na akafunga mapema, amenuna.

Halafu kiharusi kikampiga Meneja. Kilimwangusha akifunga vifungo vya shati, kikamlegeza mkono na shavu la upande mmoja. Akili ilibaki salama. Daktari alisema wazi: aongee, hata kama maneno yanatoka yamepinda, maana asipojaribu sasa huenda asiongee tena. Meneja akakataa katakata. Alikuwa amejisikia mara moja akiomba maji, sauti ikatoka kama ya mlevi, akaona haya, akafunga mdomo moja kwa moja. Akawa anaonyesha kwa kidole, na watoto wanaitikia ndiyo baba, sawa baba. Mkewe alimbembeleza mpaka akachoka.

Kinyozi alipokuja kumnyoa, mke alimzuia mlangoni.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja tu. Usimbishie. Presha ikipanda tena, mimi nitabaki na nani?"

"Nimbishie mgonjwa, shemeji? Kwani mimi mnyama?"

Lo, lakini jambo lilikuwa linamwasha ulimi! Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza kwamba mauzo ya ile kampuni yameporomoka, maduka yake yanafungwa, na hata mashabiki wake sugu wanalalamika kwamba simu mpya ni ile ile ya mwaka jana, wameibadilisha rangi. Ushindi alioungoja miaka yote ulikuwa huo hapo, na hakuwa na wa kumringia. Akaumeza.

Alimkalisha rafiki yake karibu na dirisha, akamfunga taulo shingoni, akampaka povu. Shavu lililolegea lilimpa taabu. Ilibidi alivute kwa vidole viwili ndipo wembe upite. Hakuwahi kumgusa mtu kwa upole namna ile. Na kwa kuwa kinyozi hawezi kunyoa bila kuongea, akaongea.

"Ile simu yenu mpya nimeishika dukani. Nzuri, bwana. Picha safi, betri inakaa. Hata ile bei, inastahili." Akafuta wembe. "Nimekaa nikafikiri, Meneja. Miaka yote hii wewe ndiye uliyekuwa unasema kweli. Umenishinda."

Macho ya Meneja yakamtoka pima. Kisha chozi likashuka, likapita katikati ya povu. Kwa mkono wake mzima akaudaka mkono wa kinyozi, wembe na vyote, midomo ikaanza kuhangaika.

"Na... na-kufa?"

Kinyozi akainama amsikie vizuri.

"Wa-me-kwa-mbia... na-kufa?"

Masikini! Ndipo kinyozi alipoelewa. Nyumba nzima inamwitikia ndiyo baba, sawa baba, naye amelala pale akijihesabu miongoni mwa wafu; na sasa hata kinyozi amekubali! Moyo ukamuuma kinyozi, na uchungu wenyewe ukamtoka kama hasira.

"Unakufa wapi wewe! Kinachokufa ni kampuni yako! Redio imesema leo, mauzo yameanguka chali, wanafunga maduka! Na ile simu takataka, nilikuwa nakudanganya! Inapata moto mpaka unaweza kupigia pasi suruali!"

Povu likatikisika. "Wa... wa-na-ji-panga."

"Wanajipanga! Msikieni huyu! Wanajipanga kwa lipi, kwa kupaka rangi simu ya zamani?"

"Ra-ngi... nzu-ri."

Mkewe alikuwa amekuja mbio kwa makelele, tayari kumtoa kinyozi nje kwa mikono yake mwenyewe. Akasimama pale pale. Hakuwa ameisikia sauti ya mumewe tangu siku ile ya maji.

"Mbishie, shemeji," akasema, machozi yakimtiririka. "Mbishie tena, tafadhali."

Kinyozi alikuwa analia naye, wembe ameushika hewani kama mtu aliyesahau kazi. Basi mke, ambaye maisha yote ya ndoa alikimbilia jikoni kila simu zilipotajwa, akavuta kigoda akaketi mbele ya mumewe. Alikuna kichwa, akatafuta la kusema.

"Eti," akaanza, sauti inatetemeka, "mbona za wenzenu zinaingia laini mbili, na ya kwenu moja tu?"

Meneja akamgeukia. Upande wa uso ulioweza ukakunjamana kwa dharau.

"We-we... ma-ma wa-toto... hu-jui si-mu."

"Sijui," akasema mkewe, akaushika ule mkono uliolegea, akauweka mapajani mwake. "Nifundishe."

Akaanza kumfundisha, neno moja moja, povu likimkaukia kidevuni.