Taifodi ya Wayua

Soko la Mbumbuni lina madaktari wengi sana, na wote wako nje ya zahanati. Siku Wayua alipotapika uani kwa harufu ya mahindi ya muthokoi jikoni, mama mkwe wake, Ndunge, hakuhitaji hata kumgusa.

"Taifodi," akasema.

Matiti yakamuuma Wayua: taifodi. Akawa anakojoa kila mara, na usingizi ukimwangusha mchana akipeta ndengu: taifodi sugu.

"Mwaitu, mama yangu, isije ikawa ni mimba?" Wayua aliuliza kwa sauti ndogo. Alikuwa akitamani mtoto tangu harusi.

"Si kipimo kilikataa?" akadakia Kivuva, mumewe. Alikuwa amekinunua mwenyewe duka la dawa, ukatoka mstari mmoja, na tangu hapo akawa profesa. "Kipimo hakidanganyi."

Basi Ndunge akatoa kuku mzima kwa mganga wa mizizi, akarudi na jagi la dawa nyeusi ya kuharisha. "Kesho asubuhi unywe yote. Itafagia tumbo, lisibaki na kitu."

Maneno hayo ya mwisho yalimtisha Wayua. Akajificha nyuma ya ghala na kumpigia simu dadake Mbula, muuza nguo wa Emali, akamweleza yote.

"Ulipima lini?" Mbula akauliza.

"Kabla siku zangu hazijafika."

"Na zikafika?"

"Hadi leo bado. Wiki imeshapita."

"Ee! Umepanda ndengu asubuhi, jioni uko shambani na gunia la kuvunia! Nunua kingine, upime kesho kwa mkojo wa kwanza. Na hiyo mizizi usiiguse, ama nije nimnyweshe profesa wako!"

Asubuhi Ndunge alikuwa mlangoni na jagi lake. Wayua akatoka chooni na kipimo. Mistari miwili.

Ndunge akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," akasema, uso mkavu. "Niliona machoni mwako."

"Na taifodi, Mwaitu?"

Ndunge akaliangalia jagi. Kuku wake hakuwa wa kupotea bure. Akamgeukia mwanawe polepole.

"Kivuva, mbona umekonda hivyo?"

Profesa alishinda chooni hadi jioni. Wayua, kila mkojo ulipombana, alienda zake kichakani, bila kinyongo chochote.