Zoezi la Wazazi

Jeilani alikuwa fundi seremala wa mtaa wa Langoni, mjini Amu, kisiwani Lamu. Alipofika miaka arubaini na mitatu nguvu za kiume zilimwishia. Mkewe, Rahima, ndiye pekee aliyejua, na kwa mwaka mzima alinyamaza.

Hatimaye Rahima alikwenda kwa Bi Mwanamkisi, mkunga aliyemzalisha mtoto wao aliyefariki, akauliza bila kutaja jina la mtu. Bi Mwanamkisi hakuhitaji jina.

Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, Rahima alimwambia mumewe, "Kuna misuli unayozuilia mkojo. Uikaze, uiwachie, kila siku. Bi Mwanamkisi hutufundisha sisi tukishazaa. Asema hata mwanamume humfaa."

Jeilani aliweka kikombe chini. "Umenitangaza kwa wakunga?"

"Sikutaja jina."

"Na mimi nimezaa lini, hata nifanye mambo ya wazazi?"

Tangu siku hiyo alilala chumba cha nje. Alikwenda Siyu kutafuta kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, akala asali na habasoda, akasema amefungwa kwa uchawi. Kisha akasema aliyemfunga ni Rahima. Neno hilo ndilo lililompeleka Rahima kwa kadhi. Kadhi akampa Jeilani muhula wa mwaka mmoja, kama ilivyo sheria. Mwaka ukapita hali ni ile ile. Mwanzoni mwa 1955 ndoa ikavunjwa, na mji mzima ukajua kwa nini.

Miezi minane baadaye alikwenda hospitali kwa kuwa mkojo ulikuwa ukimdondoka kila akitoka chooni. Dresa Obeid, mfunga vidonda wa hospitali aliyepata kutumikia jeshini Burma, alimuuliza taratibu, na Jeilani, macho sakafuni, akamweleza yote.

"Kaza pale unapozuilia mkojo," Obeid alisema. "Hesabu mpaka tano, legeza. Mara kumi, asubuhi, adhuhuri na jioni. Usibane pumzi wala matako. Na usitarajie kitu kabla ya miezi mitatu. Si wote huwafaa, lakini nimeona waliopona."

"Ni dawa ya Kizungu?"

"Daktari mmoja alinionyesha kambini. Alisema hufundishwa wanawake waliojifungua."

Jeilani aliinuka akaenda zake. Lakini zoezi akalifanya, amesimama kazini akipiga randa, na hakuna aliyejua. Mwezi wa nne wa zoezi, alfajiri moja, aliamka akajikuta mzima. Alisali, akavaa kanzu, akaenda kwa Bi Mwanamkisi.

"Mfikishie Rahima habari. Mwambie nimepona."

Bi Mwanamkisi alikuwa akichagua mchele. "Rahima yuko Wiyoni kwa mumewe. Ana mimba ya miezi mitano. Nimwambie ili iwe nini?"

"Ajue tu kwamba alisema kweli."

"Alijua alisema kweli, Bwana Jeilani. Wewe ndiye uliyengojwa ujue."

Hakumkaribisha kukaa.

Mwaka uliofuata dada yake Jeilani alimposea Esha, mjane wa Mkomani. Kaka yake Esha alijibu kwa adabu kwamba habari za kwa kadhi ziliwafikia, na Esha bado anataka watoto. Jeilani alitaka kumwendea kaka huyo amwambie kuwa yule wa kwa kadhi siye yeye tena. Alifika hata mlangoni kwake. Kisha akafikiri, hilo atalithibitishaje, na kwa shahidi gani, akapita kama aliyekuwa na safari nyingine.