Zamu ya Kukalia Mlango

Mtoto alikuwa amelala na viatu. Shangazi alivihisi chini ya shuka alipomshika miguu kumwamsha: viatu vya shule, vimefungwa kamba mara mbili, na begi lake dogo amelivaa mgongoni kama kobe.

"Kifungo, nani amekwambia ulale na viatu?"

Mtoto hakujibu. Jina hilo alipewa na marehemu baba yake, kwa ajili ya kitovu chake kilichojitokeza kama kifungo cha koti. Siku hizi watu walidhani ameitwa hivyo kwa sababu mdomo wake umefungwa. Hapo zamani, zamani ya mtoto wa miaka mitano, alikuwa kasuku wa nyumba nzima. Kisha baba yake akaanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akilijenga, mama yake akaenda ng'ambo kulea watoto wa watu, naye akahamia kwa shangazi yake. Nyumba ya kwanza waliyokaa na shangazi ilivunjwa na tingatinga wakiwa ndani wanakunywa chai, wakatoka mbio. Mtoto alitoka pekupeku. Tangu hapo hakuviamini viatu vilivyo mbali na miguu yake.

Shuka lilikuwa limelowa. Shangazi alilikunja kimyakimya, akamwosha mtoto haraka kwenye beseni. Kabla hajamaliza, mlio ukaanza mwisho wa ukumbi: ngo! ngo! ngo!

Kifungo akamng'ang'ania kiunoni.

"Hamna kitu, mwanangu. Ni nyundo tu."

Ilikuwa nyundo kweli, na aliyeishika watu walimwita Nyundo vilevile. Alikuwa msimamizi wa nyumba. Mwenye nyumba alikuwa amepata mnunuzi wa kiwanja, na mnunuzi hakutaka kukuta watu ndani. Wapangaji walikuwa wamelipa kodi, kwa hiyo hawakuweza kufukuzwa kwa haki. Basi wakafukuzwa kwa kelele. Kila alfajiri Nyundo alipita akigonga milango, kisha akachagua mmoja na kuung'oa. "Ukarabati," alisema. Mlango uliokwenda kukarabatiwa haukurudi.

"Shangazi mtu," alisema alipofika kwao, akigonga fremu juu ya kichwa cha mtoto, "bado mpo tu? Ninyi ni kupe?"

"Toa mkono wako hapo, mtoto anaogopa."

"Akizoea ataacha."

Shuleni, mwalimu aliwapokea mlangoni kabla hawajaingia. Nyuma yake darasa lilijaa watoto hadi wengine walikaa sakafuni. Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa tu amechoka.

"Dada, jana upepo ulifunga mlango, huyu akapiga kelele mpaka darasa zima likalia. Nilishindwa kufundisha. Mpeleke kituo cha afya wamwone. Asirudi kabla hajaonwa."

"Lakini mimi saa hii natakiwa kazini."

"Na mimi nina wengine hawa."

Shangazi alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha dobi kilichofua mashuka ya mahoteli. Alimpigia simu msimamizi wake wa kazi akiwa njiani. Nyuma ya sauti ya msimamizi alisikia mashine zikinguruma.

"Mtoto wako?" msimamizi aliuliza.

"Wa kaka yangu."

"Basi si wako. Mashuka hayangoji mtoto wa kaka. Usipokuja leo nampa mwingine pasi yako."

Simu ikakatwa. Shangazi alisimama kando ya barabara, mkono wa mtoto ukiwa baridi ndani ya wake. Angeweza kumrudisha nyumbani na kumwachia jirani. Lakini nyumbani ndiko kulikokuwa na nyundo. Akaendelea na safari.

Kituoni walikaa kwenye benchi mpaka jua likawa kichwani. Mshauri wa watoto alikuwa binti mdogo, msafi, mwenye sauti laini kama anayebembeleza. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya familia inacheka.

"Mtoto huyu ana wasiwasi mkubwa," alisema baada ya kumwuliza Kifungo maswali yasiyojibiwa. "Kuna mambo huchangia. Kutengana na mzazi. Msiba. Kuhamahama. Kelele na ugomvi nyumbani. Na mlezi mwenyewe akiwa na wasiwasi, mtoto huunyonya kama maziwa. Wewe unalala vizuri?"

"Silali."

"Umeona sasa? Inabidi uanze na wewe. Mtoto anahitaji mazingira tulivu."

Shangazi alimtazama.

"Yanauzwa duka gani hayo, mama?"

"Samahani?"

"Hayo mazingira. Kaka yangu hakujirusha, ngazi ya tajiri ilikuwa mbovu. Wifi yangu hakumtupa mwanawe, hapa alikosa kazi. Nyumba ya kwanza hatukuivunja sisi. Na kelele si zangu, ni za mwanamume mwenye nyundo anayetumwa kila asubuhi kuwatisha watoto. Yote uliyoyataja yapo, hukukosea hata moja. Ila kila moja lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Mpigie simu mwenye nyumba yangu umweleze anavyougua mtoto. Wewe atakusikiliza."

Binti aliinamisha macho. Akagusa simu iliyokuwa mezani, kisha akaondoa mkono.

"Sisi hapa tunashughulika na mtoto tu," alisema. "Mambo ya nyumba ni ofisi ya mtaa."

Ofisi ya mtaa haikuwa mbali. Ofisa alikuwa anatazama mpira kwenye simu, akanyanyua kidole wasubiri bao liingie. Bao halikuingia. Akasikiliza maelezo kwa jicho moja.

"Anakarabati milango yake," alisema. "Mali ni yake. Hakuna sheria inayomkataza mtu kutengeneza kitu chake."

"Na wanaolala ndani bila mlango?"

"Hao nao wakatafute pengine. Mbona mnapenda kung'ang'ania?" Akapiga meza kwa kiganja, paa! "Mwingine!"

Kifungo aliruka. Kisha mkojo ukamtiririka miguuni, ukaingia viatuni, ukaenea taratibu kwenye sakafu ya ofisi.

"Aa! Mtoto gani huyu asiye na adabu? Futa! Kuna tambara pale, futa haraka!"

Siku zote Shangazi alikuwa mtu wa kufuta. Alizaliwa akifuta, yeye na watu wa aina yake: akikanyagwa mguu yeye ndiye aliyeomba radhi. Alishaanza kuinama. Ndipo alipouona uso wa mtoto. Kifungo hakuwa akimtazama ofisa wala maji. Alikuwa anamtazama yeye, kuona kama ni kweli kwamba kosa ni lake.

Shangazi akanyooka.

"Umemtisha wewe," alisema. "Futa mwenyewe."

"Unasemaje?"

"Ofisi ni ya wananchi. Huyu naye ni mwananchi, ametoa maoni yake."

Mtu mmoja kwenye foleni alipasuka kicheko, akakigeuza kikohozi. Shangazi alimbeba mtoto, na mkojo wote ule ukimlowesha gauni, akatoka.

Walipofika nyumbani, mlango wao ulikuwa umelala juu ya mkokoteni uani. Chumba kilikuwa wazi, kitanda na sufuria vinaonekana na kila apitaye. Nyundo alikuwa anafunga kamba, na msukuma mkokoteni, mzee mwenye kofia ya sufi, ameshashika mipini.

Shangazi aliwapita wote wawili. Alipanda juu ya mkokoteni, akakaa juu ya mlango, akampakata Kifungo.

"Shuka!" Nyundo alisema.

"Nimelipia chumba chenye mlango. Mlango unakwenda wapi? Na sisi twende."

Nyundo akainua nyundo, akaupiga ubao kando ya paja la Shangazi. Ngo! Mwili wa mtoto ulikakamaa kama samaki aliyekaushwa. Shangazi akamziba masikio kwa viganja vyake. Ngo! Majirani wakaanza kutoka, wengi wao kwenye vyumba vyenye pazia badala ya mlango. Mama wa mapacha akaja na ndoo yake, akaipindua mbele ya gurudumu, akaikalia.

"Sukuma!" Nyundo alimkemea mzee.

Mzee aliachia mipini taratibu. "Mimi nilikodiwa kubeba mbao," alisema. "Watu sibebi." Akaenda kukaa kivulini, akavua kofia akaanza kujipepea.

Nyundo alitukana, akazunguka mkokoteni, akatukana tena. Mwishowe akatoa simu, akaondoka akiongea na mtu aliyemwita bosi. "Kesho nakuja na vijana," alisema getini bila kugeuka.

Wanaume wawili waliurudisha mlango. Bawaba zilikuwa zimekatwa, hivyo waliuegemeza tu kwenye fremu, na mawe mawili chini. Hapakuwa na shangwe. Kila mmoja alimsikia Nyundo alivyosema kesho. Na Shangazi alijua pia kwamba pasi yake kiwandani sasa ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Alimvua mtoto nguo zilizolowa pale kizingitini. Kifungo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Watarudi?"

"Hamna kitu, mwan..." Shangazi aliyaanza maneno ya kila siku, yakamkwama. Mtoto huyu alikuwa ameambiwa hamna kitu akitazama nyumba ikianguka. "Ndiyo," akasema. "Watarudi."

Kifungo aliwaza. Alitazama mlango, akautazama mkokoteni mtupu.

"Basi kesho nisiende shule," alisema. "Wewe ukienda kazini, mimi nitaukalia."

Mama wa mapacha alicheka, na wengine uani wakacheka naye, wakamsifu mtoto kwa ushujaa. Shangazi hakucheka. Mtoto alikuwa na miaka mitano, na tayari alikuwa amejipangia zamu.