Amana ya Vifaranga

Wangu alishika yai mbele ya taa akatafuta mishipa myekundu. Hakuiona. Akachukua la pili, la tatu, akaenda hivyo mpaka trei ya mwisho. Mashine nzima ilikuwa imejaa mayai viza.

Hakuhitaji kuambiwa kilichotokea. Jumapili, watu wenye akili wakiwa kanisani, mumewe Mathenge alichomeka mashine ya welding kwenye laini ileile ya mashine ya kuangulia, ati anatengeneza geti. Stima ikaruka. Alipoirudisha aliona taa zimewaka na feni inazunguka, akaridhika. Kumbe kidhibiti joto kilikuwa kimeungua, na feni ilikuwa inayapulizia mayai hewa baridi.

Sasa Mathenge alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Jackie, usiwaambie wateja saa hii. Ngoja wakuje, useme ni stima. Kila mtu husema ni stima."

"Na ni stima kweli. Ni vile wewe ndiye uliichokoza."

Hapo mtaani Free Area, mteja wa vifaranga hulipa kabla mayai hayajaingia mashinani. Wauzaji wengi huila pesa hiyo mapema, kisha mayai yakiharibika wanazima simu. Wangu hakuwahi kuila. Kila shilingi ya mteja aliiweka kwenye akaunti ya akiba ya biashara, ile yenye riba nono, ambayo benki haikupi pesa mpaka uwaarifu siku chache mbele. Mathenge aliichukia akaunti hiyo kama mke mwenza. Pesa imelala tu, alikuwa akilalamika, na mashamba ya Ndabibi yanapanda bei! Mwaka jana alinuna wiki nzima kwa sababu ya ploti moja.

Wangu aliiarifu benki kwa simu kabla hata hajavua aproni. Kisha akapigia wateja, mmoja baada ya mwingine: mayai yameharibika, Ijumaa nitakurudishia pesa yako yote. Mathenge alisikiliza simu zote hizo, na aibu ikamshika barabara.

Ijumaa asubuhi mteja mmoja, Wangare, alifika kutoka Ndabibi na makatoni yaliyotobolewa matundu, pamoja na wake wawili wa wanawe wa kushuhudia. Simu ya Wangu alikuwa ameipokea vizuri. Hakuiamini tu. Muuzaji mwingine alishawahi kumwahidi Ijumaa kama hiyo, na mpaka leo simu yake haishiki.

"Utanipatia vifaranga ama utanipatia pesa," alisema kabla ya salamu. "Maneno nilimwachia yule wa kwanza."

"Keti, mathe. Angalia simu yako."

Simu ikalia kwa ujumbe wa pesa iliyoingia. Wangare akampa mkaza mwanawe asome kwa sauti, kisha akamwamuru asome tena.

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe sasa utabaki na nini?"

Wangu alionyesha kidhibiti kipya kilichokuwa bado na nailoni yake ubavuni mwa mashine. "Hiyo nimenunua na riba. Pesa yenu yenyewe sikuigusa."

Mathenge, aliyekuwa akikifunga, aliendelea kukaza skrubu iliyokuwa imekazika zamani. Wangu alimwona, akafurahi, wala hakuona haya kufurahi.

Wangare aliitazama mashine. "Mnaweka mayai mengine lini?"

"Jumatatu."

"Mrudishie hizo pesa," alimwambia yule aliyeshika simu.

"Zote, mum?"

"Kwani nimekwambia nusu?"

Akainuka, akanyoosha sketi, akatoka na watu wake. Walikuwa wamefika getini Mathenge alipowakimbilia, mikono imejaa.

"Mathe! Mmesahau makatoni!"

"Hatujasahau," Wangare akasema bila kugeuka. "Nitayachukua yakiwa na vifaranga ndani."