Matanga ya Njiani

Mtaa wetu hapa Koboko ulipimwa kwa wanawake, si kwa magari. Baba mkwe wangu alipoanza kujenga, aliwasimamisha wake zake wawili, kila mmoja na kikapu kichwani, akawaambia wapishane. Walipopita bila kugusana, akachomeka vijiti pande zote mbili. Huo ndio upana wa njia hadi leo: mlango unatazama mlango, kisima kiko katikati, mtoto anacheza bila kuchungwa. Naipenda njia hii, na anayeiita kichochoro tutagombana.

Kapteni Fadhul alizaliwa humu humu, kamasi zake nilizifuta mimi. Alipopata gari na kujenga nyumba nyuma ya msikiti ulio mwisho wa njia, akaanza kuionea haya njia yetu. Mwaka wa sabini na saba alikuja na askari na ndoo ya chokaa, akanipigia alama ukutani.

"Mama Tahiru, hii nyumba navunja kesho. Gari yangu iko nalala barabarani kama mbwa."

"Na mimi nalala wapi?"

"Hiyo si kazi yangu."

Kumbishia mtu wa namna ile miaka ile ilikuwa kuomba kufungiwa kwenye buti ya gari, usionekane tena. Jioni Rehemah, jirani yangu, akaja na wanawake wa mtaa na wazo: tutandike mikeka njia nzima, tukae matanga. Hakuna Mnubi mwenzetu atakayepitisha tairi juu ya mkeka wa matanga, hata awe na nyota ngapi mabegani.

"Akiuliza nani nakufa?" nikasema.

Wakatazama chini. Niliwachukia, maana nilijua wanamfikiria nani. Mwanangu Tahiru, karani katika kambi ya Fadhul, alichukuliwa mjini Arua na gari lisilo na namba. Fadhul aliniapia kwa Mungu kwamba yuko kozi, atarudi. Nilimwamini, na kila siku nilimwekea mwanangu chakula.

Asubuhi walikuja na nyundo, gari likiwa nyuma yao. Tulikuwa tumejifunika, tumeketi kutoka kisimani hadi barabarani. Honi ikapigwa. Hakuna aliyeinuka. Askari mmoja akakoki bunduki. Rehemah akanishika mkono. Fadhul akashuka.

"Nani nakufa?"

Nilitaka anicheke, aseme mama iko na wazimu, Tahiru mimi naona juzi tu.

"Tahiru," nikasema.

Hakucheka. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, akainua mikono, akasoma Fatiha. Hakuuliza amekufa lini, wala nani kaleta habari. Kisha akawaambia askari wake waondoke, naye akawafuata bila kunitazama.

Gari lilipopotea ndipo nikaangua kilio, nikajitupa chini.

Rehemah akaninong'oneza, "Basi, Hadijah, inatosha. Wamekwisha kwenda."