Wimbo wa Kaluki Uliosafishwa

Kila Jumamosi mchana Bartholomew alifunga duka lake la dawa za mifugo, akarudi nyumbani Mumbuni kurekodi muziki wa kale. Studio ilikuwa chumba cha kulala. Magodoro mawili yaliegemea ukuta, blanketi lilining'inia dirishani, na juu ya kabati alipanga vyombo vyake: mbebe ya uzi mmoja aliyoachiwa na babu yake, filimbi, na ngoma ndefu ya kuchezea kilumi, densi ya kale. Mapenzi ya muziki aliyapata kwa babu huyo na kwa magita ya benga redioni. Watu aliwapenda pia, kwa kiasi.

Mwimbaji wake alikuwa Kaluki, mama mkwe wake kutoka Katelembo. Kwa heshima ya ukwe, Kaluki hangeweza kuingia chumba anacholala mkwewe wala kumtazama usoni. Aliimba akiwa koridoni, ameelekea ukutani, waya wa maikrofoni ukipita chini ya mlango. Maneno kati yao yalibebwa na Ndunge, binti wa huyu na mke wa yule.

"Mwambie aanze tena," Bartholomew alisema ndani.

"Mwaitu, anasema uanze tena," Ndunge alimwambia mamake koridoni.

Siku ya kwanza jogoo wa jirani aliwika katikati ya wimbo. Bartholomew aliikata sauti yake kwenye kompyuta, na tangu hapo jogoo akawa anafungua mdomo bure, sauti haitoki. Jirani alimchinja. Halafu Bartholomew alikata kikohozi cha Kaluki, na kikohozi kilichomtesa mama huyo tangu msimu wa mvua kikaisha. Ndunge alifurahi, akapika muthokoi.

Sasa, wimbo ule aliourithi Kaluki ulikuwa na desturi yake: kila ubeti ukiisha, mwimbaji humwita mtoto wake kwa jina. Kaluki alikuwa na mtoto mmoja tu. Jina la Ndunge liliingia pale ngoma inaporudi, likaivuruga.

Ndunge alimkuta mumewe akilitia alama kwenye kioo cha kompyuta, ubeti baada ya ubeti.

"Usitoe hiyo jina, Bartho. Si uliona jogoo?"

"Niliona. Lakini ngoma inaingia vibaya."

"Na mimi?"

"Wewe huimbi," Bartholomew alisema, akalikata.

Koridoni Kaluki alisimama, akanyoosha mgongo, akamuuliza Ndunge choo kiko wapi, kwa adabu ya mgeni. Kwa kuwa sasa hakuwa na binti, hakuwa na mkwe pia. Alipotoka chooni alifungua mlango wa chumba cha kulala, akamtazama Bartholomew usoni, akaketi kitandani.

"Kijana, ni hapa tunaimbia?"

Katikati ya magodoro sauti ilitoka safi kuliko siku zote. Bartholomew alifurahi waziwazi. Ndunge alilia, akamwomba arudishe jina.

"Nilishafuta," alisema.

Jumamosi iliyofuata Ndunge aliwaletea chai. Kaluki alipokea kikombe, akamwangalia vizuri.

"Wewe msichana, uko na mama?"

"Niko naye."

"Basi uwe unaenda kumwona. Sisi wazee hatupendi kusahauliwa."

Ndunge alisema ataenda. Bartholomew alimwambia akae koridoni na afunge mlango, maana vikombe vilikuwa vinasikika.