Ujumbe kwa Kipa

Bao la tatu lilipita chini ya kifua cha Marcellin polepole, kama mbuzi anayerudi zizini bila kuswagwa. Marcellin alikuwa amekwisha kulala chini kabla mpira haujamfikia, na ulipofika alikumbatia nyasi. Hakuinuka upesi. Alibaki kifudifudi, paji la uso kwenye majani yaliyokaushwa na kiangazi, na watu waliouzunguka uwanja wa kampuni ya pamba pale Kasongo hawakuzomea. Zamani wangezomea hadi koo ziwakauke. Jumapili hiyo waliguna tu, wakaanza kujikung'uta vumbi kana kwamba ni wao walioanguka.

Octave alisimama karibu na mlingoti wa goli, mkono umelala juu ya ngoma. Kwa kazi alikuwa mchoma matofali wa misheni, lakini kwa miaka kumi na mmoja aliwaongoza mashabiki wa timu ya kampuni, jambo lililomletea manung'uniko ya mapadri ambao nao walikuwa na timu yao. Ndiyo hiyo iliyokuwa imetia mabao yote matatu. Octave hakuwa na la kuwajibu mapadri isipokuwa kwamba kipa wa kampuni ni binamu yake, mtoto wa mjomba wake wa damu. Alitazama mgongo wa yule binamu, akajisikia mzee.

Afadhali niseme mapema ubinamu huo ulikuwa wa namna gani, maana shida yote ilianzia hapo. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani hadi kaburini. Hawaitani majina. Octave alimwita Marcellin Mwizi, na Marcellin alimwita Octave Mlafi, tangu wote wawili wakiwa hawajaota meno ya pili. Mmoja anaweza kuchukua kuku wa mwenzake mchana kweupe, akamla, akarudi kuomba chumvi, na mwenye kuku haruhusiwi kununa. Jina la ubatizo hutamkwa siku moja tu, siku mmoja anapomletea mwenzake habari ya msiba. Miaka miwili nyuma Marcellin alifika kwenye tanuri la matofali akasema, "Octave." Octave alijua pale pale kwamba mke wake hakutoka salama hospitalini, kabla hajaambiwa neno la pili. Tangu hapo watu wengi walimsemesha kwa sauti ya chini, ya kumhurumia. Marcellin peke yake alirudi kumwibia kuku kabla arobaini haijaisha, na hicho ndicho kicheko cha kwanza kilichomtoka Octave baada ya mazishi. Ukimwuliza ana nini duniani, angeweza kukuhesabia tanuri, ngoma, na yule mwizi.

Jumatatu mjadala ulihamia barazani kwa Zuberi, fundi cherehani, katika mtaa wa Waislamu, ambako mambo yote ya mpira huamuliwa na watu wasiocheza mpira.

"Miye nasema, mutu akichoka, aketi," alisema Zuberi, mguu ukikanyaga cherehani. "Faradji iko. Mutoto iko na mikono. Tangu mwaka jana hajafungwa hata bao moja."

"Hajafungwa kwa sababu hajacheza," alijibu Amisa, muuza vitumbua, ambaye hakuwahi kukosa mechi. "Hata miye sijafungwa."

Watu walicheka, lakini wengi walikuwa upande wa Zuberi. Faradji, kipa wa akiba, alikuwa kijana wa mtaa ule, mwenye salamu kwa kila mtu. Mazoezini aliudaka mpira kwa mkono mmoja huku akiangalia wasichana, na wasichana wakimwangalia. Hakuna kitu kitamu kama kipa ambaye bado hajawakosea. Octave aliwasikiliza akiwa ameegemea nguzo, macho yakimwuma kwa moshi wa tanuri na kwa kukosa usingizi. Hoja hizo alikuwa amezisikia majuma sita mfululizo, kila juma zikiwa zimeongezewa chumvi kidogo, na sasa alichotaka ni mtu mmoja anyamaze.

Zuberi ndiye aliyenyamaza, kisha akasimamisha cherehani.

"Lakini kuna neno jingine," alisema. "Mumesikia direkta wa kampuni alisema nini jana? Alisema Jumapili ijayo timu ya Kabambare ikitupiga kama hivi, atatafuta kipa mupya na kapita mupya."

Marcellin alikuwa kapita wa mizani, msimamizi wa kupima pamba ya wakulima, na kazi hiyo aliipata kwa mikono yake ya golini, wala hakuna aliyejidanganya juu ya hilo. Kazi ndiyo iliyompa nyumba ya matofali kambini. Bila mizani angerudishwa kubeba marobota, mtu wa miaka arobaini mwenye magoti mabovu, na Émérance mke wake na watoto watano wangerudi chini ya paa la nyasi.

"Kwa hiyo aumwe," alisema Amisa taratibu. "Amwambie muzungu mukono unauma. Faradji acheze Kabambare. Wakishindwa, siyo yeye. Kazi inabaki."

Lilikuwa shauri la busara, na lilikuwa na huruma ndani yake. Kilichobaki ni nani wa kulipeleka. Nani anayeweza kumwambia mwanaume mzima kwamba mikono yake imekwisha, naye asikasirike? Vichwa vyote viligeuka kwenye nguzo.

"Weye ni binamu yake," alisema Zuberi. "Neno lako hawezi kulinunia."

Octave alikwenda Jumanne, baada ya kazi. Alimkuta Marcellin amekaa mlangoni, miguu ndani ya karai la maji ya moto.

"Mwizi, nimetumwa na watu wa muji. Wanasema goli lako linapitisha watu kuliko mulango wa kanisa."

"Waambie watoe sadaka," alisema Marcellin.

"Wanasema kwa Kabambare uumwe mukono, Faradji acheze."

"Mukono gani?"

"Wowote. Yote miwili haifanyi kazi."

Marcellin alicheka hadi maji yakamwagika karaini. Alimwita Émérance na kumrudia maneno yale, akacheka tena. Octave naye alicheka, angefanya nini? Kisha wakala ugali na sombe, yale majani ya muhogo, wakatukanana juu ya ukubwa wa matonge, na kila alipojaribu kurudi kwenye ujumbe ulimi wenyewe uliteleza kwenye njia ulioizoea miaka yote. Alisema kila kitu alichotumwa. Hakuacha hata neno.

Émérance hakuwa amecheka. Alimsindikiza Octave hadi barabarani, mikono imeshika kiuno.

"Shemeji, ulikuwa unasema kweli ama ulikuwa unacheza?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Basi hajasikia," alisema Émérance, na akarudi kwake.

Jumatano Octave alisema atakwenda kesho. Alhamisi alijipa kazi ya kupanga kuni ambazo zingeweza kupangwa mwezi ujao. Alijua dawa ni ipi, alikuwa akiizunguka. Barazani walimchagua kwa sababu neno lake halimkasirishi Marcellin, na hawakuona kwamba neno lisilomkasirisha mtu linaweza pia kumpita bila kumgusa. Ili asikike, ilimbidi amwendee si kama mtani. Na mtu akishavua utani kwa jambo ambalo si kifo, atauvaaje tena? Hakumjua yeyote aliyewahi kufanya hivyo, na hapakuwa na wa kumwuliza. Alikuwa na hofu, na alikuwa amechoka mno hata kuificha hofu yenyewe.

Kamio, lori la kampuni la kuwapeleka wachezaji na mashabiki Kabambare, lilikuwa liondoke Jumamosi alfajiri. Ijumaa jioni, jua likiwa bado mitini, Octave alipiga moyo konde, akaenda kambini bila kunawa majivu. Marcellin alikuwa uani akipasua kuni.

"Marcellin."

Shoka lilibaki gogoni. Mlangoni Émérance alisimama, ungo mkononi.

"Nani amekufa?" aliuliza Marcellin.

"Hakuna aliyekufa."

"Mama?"

"Mama iko muzima. Wote ni wazima."

"Sasa kwa nini unaniita jina?"

Octave alimweleza. Alimwambia juu ya mabao ya majuma sita, moja baada ya moja, na namna anavyolala chini kabla ya mpira kufika kwa sababu magoti hayamwamini tena. Alimwambia maneno ya direkta kama yalivyosemwa. Alimwambia habari ya mkono wa kuuma, na mizani, na nyumba. Hakupamba, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Ilikuwa sauti ya karani anayesoma tangazo.

Marcellin alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa juu ya gogo.

"Kwa hiyo ile ya juzi haikuwa muchezo."

"Haikuwa."

"Wakati ulikuwa unanicheka, nilisema ndani ya moyo, kama Mulafi anaweza kucheka, basi mambo ingali madogo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kila juma nilikuwa nasikiliza kicheko chako kwanza. Nilikuwa naona kibaya, kisha nasikia unacheka, ninapona."

Octave hakuwahi kujua kwamba kicheko chake kilikuwa kinafanya kazi hiyo.

"Niambie kitu kimoja," alisema Marcellin. "Ni watu wamekutuma, ama ni weye unaona?"

Mlango wa kutokea ulikuwepo, na Marcellin mwenyewe ndiye aliyeufungua. Angesema tu kwamba ni watu, ni Zuberi na midomo yake, na kesho yake wawili hao wangewatukana watu wa baraza pamoja njia nzima hadi Kabambare. Octave aliutazama mlango huo kwa tamaa.

"Ni miye naona," alisema.

Marcellin aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mpima pamba anayekubali uzito. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Aliagiza maji ya kunywa kwa mgeni. Octave aliyanywa, na hapakuwa na aliyemwambia kwamba anakunywa kama ng'ombe.

Jumamosi Marcellin alifika kwenye kamio na mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Alimwonyesha direkta, na direkta akaguna, akamwita Faradji. Marcellin alipanda pamoja na wengine. Njia nzima alimweleza kijana habari za uwanja wa Kabambare, mahali penye shimo, saa ambayo jua linampiga kipa machoni, winga yupi hupenda kujiangusha. Faradji hakumwangalia msichana hata mmoja barabarani, ingawa walikuwepo.

Jumapili Kabambare walishinda mawili kwa moja. Kushindwa kwenyewe hakukuwa kwa aibu. Faradji aliokoa mipira minne ambayo hata mashabiki wa Kabambare waliokuja kwa miguu kutoka Wamaza waliipigia makofi, na bao la pili lilimkuta amekwenda mbele mno. Baada ya filimbi direkta alimpiga Faradji begani, kisha akamwambia Marcellin auguze mkono, ila Jumanne asichelewe kwenye mizani kwa sababu wakulima wa Samba wanaleta pamba. Octave aliyasikia hayo kwa masikio yake. Alienda nyuma ya ukuta wa shule, akachuchumaa peke yake, akapumua.

Jumatatu asubuhi, watu wakipanda kamio kurudi, Zuberi alikuwa amekwisha kuanza. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya safari mfukoni na maoni mapya kichwani.

"Faradji anatoka golini mapema," alisema. "Ule wa pili, Marcellin angeungojea. Marcellin iko na akili ya kungojea."

"Juma lililopita ulisema nini?" mtu mmoja alimwuliza.

"Juma lililopita ni juma lililopita."

Walicheka, Marcellin pia, kwa adabu. Alikuwa amekaa juu ya magunia nyuma ya kichwa cha kamio, mahali pazuri pasipo vumbi. Octave alipanda wa mwisho, mifupa ikimlalamikia. Usiku kucha alikuwa amelitengeneza neno lake, akilichonga na kulipiga msasa, kwa matumaini ambayo yalimtia aibu yeye mwenyewe. Alisimama kati ya magoti ya watu, akalisema kwa sauti, ili wote walisikie.

"Mwizi, mukono umepona? Kuku wa Kasongo wamelala vizuri siku tatu, nikaanza kukusikitikia."

Watu walitabasamu wakimgeukia Marcellin. Walijua zamu ni yake, na walijua hachelewi.

Marcellin aliinua uso. Kwa kitambo kidogo midomo yake ilicheza, na Octave akadhani inakuja. Kisha Marcellin alisogea, akausukuma mfuko wake pembeni, akafuta vumbi kwenye gunia kwa ule mkono uliofungwa kitambaa.

"Kaa hapa, yaya," alisema, kwa lile neno la heshima ambalo mtu humpa kaka yake mkubwa. "Njia iko mbaya. Huko nyuma utaumia mugongo."

Kamio liliunguruma. Zuberi alikohoa, akaangalia upande mwingine. Octave alisogea, akaketi pale alipoonyeshwa, bega lake likigusana na la binamu yake.

Akasema asante.